JETONI INAYOJIBU: Namna baji ya redio inavyojua nani yuko chini ya udongo

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayebaki nyumbani ukimngoja,

Wazee wetu wa mgodi wanaijua jetoni. Kabla ya kuingia katika lifti, kila mtu alichukua taa yake na kuacha kipande cha chuma chenye numero yake juu ya ubao. Mwisho wa posto, kapita aliangalia ubao. Kama numero 412 haijaondolewa, basi mtu wa 412 hajapanda. Hesabu hiyo ni rahisi na ni ya akili, na pahali pengi inafanywa mpaka leo. Lakini ina upungufu mmoja. Ubao unasema 412 yuko chini. Hausemi yuko chini wapi. Na katika mgodi wenye kilomita nyingi za galeri, hilo neno «chini» ni kubwa sana.

Tuangalie jambo lililotokea Marekani, katika mgodi wa makaa wa Sago, jimbo la West Virginia. Tarehe 2 mwezi wa 1 mwaka 2006, asubuhi mapema, gesi ililipuka. Watu 13 walinaswa ndani. Mmoja aliuawa na mlipuko wenyewe. Wengine 12 walijaribu kutoka, moshi ukawarudisha. Wakatundika pazia ili kuzuia hewa mbaya, wakakaa nyuma yake. Wakachukua nyundo, wakagonga vyuma vilivyoshikilia dari, wakitumaini wenzao wa juu watasikia. Hakuna aliyesikia. Waokoaji walipowafikia, saa zaidi ya 40 zilikuwa zimepita, na mtu mmoja tu ndiye alikuwa hai.

Kwa muda wote ule, waliokuwa juu walikuwa wakikisia tu. Juu ya msiba huo na mingine ya mwaka ule, serikali ya Marekani ilitoa sheria katika mwezi wa 6 mwaka 2006: kila mgodi wa makaa wa chini ya udongo uwe na njia ya elektroniki ya kujua pahali watu walipo, na ukapewa miaka 3 ya kujitayarisha. Migodi mingi ikachagua baji ya redio.

Jina lake la vitabuni ni utambulisho kwa mawimbi ya redio. Kwa kifupi watu wanaandika RFID. Jina ni refu, lakini kazi yenyewe ni kuuliza na kujibu. Kuna kisomaji, na kuna baji. Kisomaji kinauliza: «Nani yuko hapa?» Baji inajibu: «412.» Basi. Baji yenyewe haina haja ya kujua jina lako wala mshahara wako, inabeba numero. Ni orodinateri ya juu ndiyo inayojua 412 ni nani.

Baji ni za aina mbili, na ni lazima kuzitofautisha.

Ya kwanza haina batri. Umeona macho ya paka usiku? Paka hana taa kichwani. Ukimmulika kwa toshi, macho yanang'aa, ukizima, giza. Baji isiyo na batri ni vile vile. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa madini, mara nyingi shaba (ndiyo, shaba ile ile tunayochimba), na kipande cha elektroniki kidogo kuliko punje ya mchele. Mawimbi ya kisomaji yakifika, uzi unakusanya kutoka kwao nguvu kidogo, kile kipande kinaamka, kinarudisha numero yake, kisha kinalala tena. Hakuna batri ya kuisha.

Wewe mwenyewe pengine unayo moja bila kujua. Karti ya kufungua mlango wa biro kwa kuigusisha, karti ya benki inayolipa bila kuingizwa katika mashini, paspoti yenye alama ndogo ya duara ndani ya kisanduku juu ya jalada lake: hizo zote ni za ukoo huo, na zinasomwa karibu sana, sentimita chache tu. Wafugaji wa ng'ombe katika inchi nyingi wanaitia sikioni mwa mnyama. Ziko nyingine zenye mawimbi ya namna tofauti, zinazosomwa kwa mita kadhaa. Hizo zinabandikwa juu ya masanduku ya depo, ama juu ya kioo cha motokari ili ipite pahali pa kulipia barabara bila kusimama.

Wazo hilo si la jana. Katika mwaka 1945, watoto wa Urusi walimpa balozi wa Marekani kule Moscow zawadi ya nembo ya mti iliyochongwa vizuri. Akaitundika nyumbani kwake. Miaka 7 ikapita kabla ya watu kugundua kwamba ndani ya mti ule mlikuwa na chombo kisicho na batri wala waya: kikipigwa na mawimbi ya redio kutoka nje, kilirudisha mazungumzo ya chumbani. Ulikuwa upelelezi, si usalama, lakini ufundi ni ndugu wa huu wetu.

Aina ya pili ya baji ina batri yake. Hii haingoji kumulikwa. Inaita numero yake yenyewe kila baada ya muda mfupi, na inasikika makumi ya mita, pengine mpaka mita 100 kama njia ni wazi. Ndiyo inayotumiwa sana migodini, ikitiwa katika taa ya kichwani ama kufungwa mkandani.

Sasa tushuke nayo. Mawe yanazuia mawimbi ya redio. Kisomaji cha juu hakiwezi kumsikia mtu aliye mita 500 chini. Kwa hiyo visomaji vinapangwa kufuata galeri, kila kimoja na numero yake, na kebo inaviunganisha mpaka juu. Orodinateri inaandika: 412, kisomaji cha 7, saa 4 na dakika 10. Kama baadaye hakuonekana kwa kisomaji cha 8 wala hakurudi kwa cha 6, basi yuko kati ya 6 na 8. Haionyeshi jiwe alilokalia. Lakini siku dari inaanguka na kebo inakatika, neno la mwisho lililoandikwa linabaki juu. Waokoaji wanaanzia pale. Kifaa cha kupumulia ambacho mchimbaji anabeba mkandani mara nyingi kimetengenezwa kwa saa moja tu. Ukiweka hiyo saa moja karibu na zile 40 za Sago, utaona kwa nini ni vizuri kuanzia pahali penyewe.

Kazi nyingine ya baji ni mbele ya mashini. Dereva wa mashini ya kuchota mawe chini ya udongo anaketi upande, na kuna sehemu kubwa ambayo hawezi kuona. Sasa kuna mashini zinazozungukwa na nguvu ya sumaku, sawa na ua lisiloonekana. Mtu mwenye kifaa chake mkandani akikaribia, kengele inalia. Akikaribia zaidi, mashini inasimama yenyewe. Marekani iliamuru hivyo katika mwaka 2015 kwa aina moja ya mashini za kukata makaa, na Afrika ya Kusini katika mwezi wa 12 mwaka 2022 ilileta sheria ya kuzuia kugongana kwa mashini za dizeli.

Lakini tusidanganyane. Kisomaji kinaona baji, hakioni mtu. Mwenzako akikuomba umbebee yake apate kutoka mapema, orodinateri itaandika watu wawili pahali mlipo peke yako. Siku ya moshi, waokoaji wataingia kumtafuta mtu aliye kambini anakula bukari. Na yule aliyetundika baji yake juu ya msumari kwa sababu inamsumbua kiunoni, kwa orodinateri yeye ni msumari. Na ile mashini haitasimama mbele yake.

Upande wa wakubwa pia kuna kosa lao. Tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 2010, katika mgodi mwingine wa West Virginia unaoitwa Upper Big Branch, watu 29 walikufa. Sheria ilikuwapo tayari, lakini kazi ya kuweka vifaa vya kufuata watu haikuwa imemalizika. Zilipita siku 4 kabla ya wanne wa mwisho kupatikana. Kisomaji kilicho katika karatasi za biro hakimsikii mtu.

Tena, jambo la baruti. Waya za detonateri ya umeme zinaweza kushika mawimbi ya redio kama antena, na nguvu ikitosha, kulipuka. Kwa hiyo kisomaji, redio ya mkononi na telefone havipelekwi karibu na depo ya baruti ama pahali mashimo yanajazwa, isipokuwa mkuu wa baruti amekubali na ameonyesha umbali. Usimuulize mwenzako, muulize yeye.

Kuhusu afya: mawimbi haya si ya ukoo wa radiografi ya hospitali. Kisomaji kinatuma wati chache tu, na baji yenyewe kidogo sana kuliko telefone. Mtu aliyewekewa mashini ndogo ya moyo amwambie daktari kabla ya kupewa baji.

Je, baji inakufuata mpaka nyumbani? Hapana. Pasipo kisomaji inaita bure, wala hakuna wa kuiandika. Lakini ndani ya kazi inaweza kusema ulikaa dakika ngapi pahali pa kulia chakula, na wafanyakazi wana haki ya kuuliza juu ya hilo. Delege wa sendika aulize mapema, kabla ya baji kugawanywa: visomaji vitawekwa wapi, nani atasoma maandishi, yatatunzwa siku ngapi.

Na wewe mama: kabla ya kutia overoli ndani ya maji, pitisha mkono mfukoni na mkandani. Baji yenye batri ikiingiwa na maji inaweza kunyamaza bila kuonyesha alama yoyote. Ikilowa, ama mtoto akiichezea mpaka ikapasuka, usiikaushe juu ya mbabula. Mpe baba aipeleke katika nyumba ya taa kabla ya kushuka, wapate kuijaribu mbele ya kisomaji.