Mwenye Chombo na Mwenye Usukani

Wanangu wa Kinondoni na Temeke, sogeeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina upepo, chombo na mwanamke.

Mkienda Msasani jioni mtakuta vyombo vya aina mbili kwenye ghuba moja. Upande wa kijiji kuna ngalawa na mashua za wavuvi, zimelala ubavu mchangani maji yakishatoka. Kwenye rasi kuna klabu ya yoti, na mbele yake zimetia nanga boti nyeupe zenye milingoti mirefu. Watu hupita wakaona huku ni riziki, kule ni starehe ya matajiri. Si uongo. Lakini upepo unaovuma hapo ni mmoja, kaskazi miezi ya joto na kusi miezi ya baridi, na wote wanaufuata.

Chombo kikisukumwa na upepo kutoka nyuma, hata mtoto anaelewa kinavyokwenda. Kazi ni kurudi. Ukielekeza omo moja kwa moja kwenye upepo, tanga litapigapiga na chombo kitasimama. Nahodha basi hukata mshazari: anakwenda upande mmoja, anageuza, anakwenda upande wa pili, anageuza tena, na kila mara anapata hatua kidogo mbele. Huko ndiko kubisha. Ngalawa haipinduki kirahisi kwa sababu ina ndubi, ubao wa kuelea, kila upande, na upepo ukizidi baharia hutoka akaenda kukaa juu ya mrengu, mti unaoshika ndubi, uzito wake ukaushusha upande ulioinuka. Yoti imeuficha uzito huo chini ya maji, kwenye mkuku wa risasi au chuma. Ikilazwa na upepo, inajiinua. Kamba nzito za tanga huvutwa kwa kapi. Hapo sioni mahali panapodai ndevu.

Sasa mwanamke. Anaitwa Kirsten Neuschäfer, ni wa Afrika Kusini. Kabla ya bahari aliwahi kupanda baiskeli peke yake kutoka Ulaya mpaka kwao, mjue ni mtu wa namna gani. Alikwenda Kanada akanunua boti ya futi 36 iitwayo Minnehaha, akakaa huko akiitengeneza, halafu tarehe 4 Septemba 2022 akaondoka Ufaransa katika mashindano ya Golden Globe: kuizunguka dunia nzima, mtu mmoja kwenye chombo, bila kutia mguu bandarini. Masharti yake ni magumu. Huruhusiwi kutumia simu ya kukuonyesha ulipo. Unapima jua na nyota kwa kifaa cha kushika mkononi, unapiga hesabu, unatia alama kwenye ramani ya karatasi, kama mabaharia wa zamani.

Novemba mwaka huo, kusini mwa Bahari ya Hindi, bahari hii hii ya kwetu ila huko ni baridi na mawimbi ni marefu, mshindani mwenzake kutoka Finland, Tapio Lehtinen, alipata ajali ya maji kuingia chomboni. Chombo chake, Asteria, kikazama, yeye akabaki kwenye chelezo cha kuokolea. Kirsten ndiye aliyekuwa karibu. Aligeuza njia, akashika usukani mwenyewe usiku kucha, na asubuhi akamtafuta mtu mmoja katikati ya mawimbi yanayomficha kila yakiinuka. Akampata, akamtupia kamba, akamvuta, akampa pegi ya ramu. Baadaye meli ya mizigo ikamchukua yule mzee, na Kirsten akaendelea na safari kana kwamba ametoka kumvusha mtu barabara. Tarehe 27 Aprili 2023 alifika Ufaransa akiwa mshindi. Walioanza walikuwa 16, waliomaliza mashindano yenyewe ni watatu. Hajawahi mwanamke kabla yake kushinda mashindano ya kuzunguka dunia peke yake, ya aina yoyote.

Wengine walimtangulia kwa namna yao. Krystyna Chojnowska-Liskiewicz wa Poland alikuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1976 na 1978. Laura Dekker wa Uholanzi alitaka kuondoka akiwa na miaka 13. Mahakama ikamzuia, ikaja kumruhusu mwaka 2010, na Januari 2012 akamaliza akiwa na miaka 16. Msiende kuwaambia mama zenu kwamba mimi nimewaruhusu.

Mtaniuliza, kwetu je? Kwetu kuna jambo la ajabu kidogo. Mwanamke kumiliki chombo si mwiko. Mama anayeuza samaki anaweza kuweka akiba, akanunua mashua, akatafuta nahodha na mabaharia. Wakirudi, hutolewa kwanza gharama, kisha mgao: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Mwenye chombo hupata lake hata kama usiku alilala kwake Mbagala. Ila yuko nchi kavu. Wakimwambia leo hakuna kitu, atajuaje? Huenda samaki wameuzwa hukohuko majini. Kwenda naye ndiyo shida. Baadhi ya wazee watakwambia mwanamke chomboni ni mkosi. Mimi nasikia ndani yake sauti ya mtu asiyetaka mafungu yaongezeke.

Unguja bahari yenyewe imeanza kuulazimisha mjadala huo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Walifanya kazi maji yakitoka, yakiwafika magotini. Maji yalipozidi joto, aina ya mwani yenye bei nzuri ikaanza kufa kwenye maji mafupi. Mtafiti Dk. Flower Msuya akahimiza kupanda kwenye kina kirefu, mwani ukitiwa ndani ya wavu mrefu ulioshonwa kama soksi ili mawimbi yasiukate. Lakini kina kirefu kinataka boti, na boti inataka mtu anayejua kuogelea. Wengi wa akina mama hao walikuwa hawajui, ingawa wamezaliwa hatua chache kutoka baharini. Kaskazini, Nungwi, mradi wa Panje ukafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili mzima. Kwa hiyo msichana wa Kunduchi au Kigamboni akitaka chombo, aanze na kuogelea, kisha aujue upepo. Fedha ina mlango pia: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake.

Halafu apande. Kwa maana mwenye chombo akiwa ndani ya chombo, mgao hubadilika: fungu la chombo ni lake, fungu la baharia ni lake, na siku atakaposhika usukani, la nahodha nalo litaingia mkoba uleule.