Kuhesabu Mwewe Kabla Hawajaingia Msituni

Mwewe na tai wahamao huhesabiwa pale ardhi inapowabana. Ndege hawa hawapigi mabawa safari nzima. Hutafuta hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye ardhi iliyopigwa jua, huzunguka ndani yake mpaka juu, kisha huteleza kuelekea kusini hadi wakutane na hewa nyingine ya namna hiyo. Juu ya maji mapana hewa hiyo ni haba, kwa hiyo wengi huikwepa bahari, na njia zao hukutana kwenye vipande vyembamba vya nchi kavu.

Kimoja kiko Batumi, nchini Georgia, kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukazi. Tangu 2008, watu wa kujitolea hukaa kwenye vilima vya Sakhalvasho na Shuamta kuanzia Agosti hadi Oktoba, na kwa msimu mmoja huweza kuhesabu zaidi ya ndege milioni moja. Miongoni mwao, walio wengi zaidi ni mwewe wala nyigu (Pernis apivorus). Hao ndio wanaouhusu mji wetu wa Kisangani, nchini Kongo, kwa kuwa msimu wa baridi wa Ulaya huwakuta katika misitu ya Afrika, bonde la Mto Kongo likiwemo, zaidi ya kilomita 4,500 kutoka Batumi.

Kundi linalozunguka angani halihesabiki, kwani ndege aliyepita mbele hurudi nyuma baada ya sekunde chache. Mhesabuji husubiri lifike juu na kuanza kuteleza kwa msururu, ndipo anapobofya kihesabio cha mkononi kila ndege anapovuka mstari aliouchagua. Vilima viwili vinahitajika kwa sababu mawingu na upepo huisogeza njia, mara kuelekea pwani, mara kuelekea milimani.

Mla nyigu hutambulika kwa umbo kuliko kwa rangi, maana wapo weupe, wa kahawia na hata karibu weusi. Kichwa chake ni chembamba kama cha njiwa, na mkia ni mrefu, wenye mistari miwili karibu na kiwiliwili na mmoja mpana karibu na ncha. Kwa karibu huonekana manyoya mafupi ya usoni, yaliyosongamana kama magamba. Ndiyo kinga yake anapofukua mzinga wa nyigu ili ale mabuu.

Umri nao huandikwa, na pengine ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote. Mlima wa Hawk Mountain, Pennsylvania, ulioanza kuhifadhiwa na Rosalie Edge mwaka 1934, ulithibitisha hilo. Hesabu za Maurice Broun, mlinzi wa mlima huo, zilionyesha kwamba idadi ya tai wachanga ilishuka kutoka asilimia 40 ya waliopita mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi asilimia 20 mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwandishi Rachel Carson alizitumia katika kitabu chake cha 1962 kuishtaki dawa ya kuua wadudu ya DDT. Jumla peke yake isingefichua kwamba ndege hawazai.

Kisangani haina kilima cha kufanyia kazi hiyo. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 400, umezungukwa na msitu, na mla nyigu akishafika hana haja ya kuruka katika kundi: hutawanyika, akakaa kimya chini ya majani. Kwa hiyo afya ya ndege wanaoishi Kongo nusu ya mwaka hupimwa Georgia. Hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa: ikishuka, haisemi kama waliuawa na wawindaji njiani, walikosa viota Ulaya, au msitu wao wa Afrika umegeuzwa mashamba na makaa.

Pengo hilo hupunguzwa na kumbukumbu za huku. Anga wazi hupatikana juu ya mto, kwenye maporomoko ya Wagenya kwa mfano, na juu ya mashamba. Mla nyigu mzima ana jicho la njano na ngozi ya kijivu kwenye shina la mdomo. Mchanga ana jicho jeusi na ngozi ya njano. Wazima hurudi kaskazini kuanzia Machi na Aprili, ilhali wachanga hubaki Afrika mwaka wao wa kwanza mzima. Anayeonekana hapa mkoani Tshopo mwezi Juni au Julai karibu kila mara ni mchanga, na picha yake yenye tarehe na mahali ni taarifa ambayo hakuna kilima cha Georgia kinachoweza kuitoa.