Homoni na Ng'ombe wa Girinka

Wengi wetu tukikariri majina ya homoni hudhani ni maneno ya mtihani tu. Lakini hapa Kigali, ukipanda vilima vya Gasabo, utakuta jamaa nyingi ambazo maziwa yao yanategemea homoni hizo hizo. Tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka huwapa maskini ng'ombe mmoja mmoja, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Basi ng'ombe asiposhika mimba, mwenyewe hana maziwa, na jirani naye anangoja bure.

Chini ya ubongo ipo tezi ndogo iitwayo pituitari. Hiyo humwaga katika damu homoni zinazokuza kijifuko chenye yai ndani ya ovari. Kijifuko kikikua hutoa estrojeni, nayo ndiyo imtiayo ng'ombe joto: hulia ovyo, hutoa ute mwangavu, na akipandwa na wenzake husimama kimya. Estrojeni ikizidi huiamsha pituitari itoe homoni nyingi kwa ghafula, na yai hutoka muda mfupi baada ya joto kwisha. Joto lenyewe hudumu kama saa 12 hadi 18 tu. Likipita, ngoja siku 21.

Hapo ndipo penye shida. Sisi hufugia bandani, ng'ombe peke yake. Nani atampanda tumwone? Tena mara nyingi joto huja usiku, watu wamelala. Jirani yetu mmoja alipoteza miezi minne hivi, akasema ng'ombe wake ni tasa. Bwana mifugo alipompima alikuta ovari zake zinafanya kazi barabara.

Yai likishatoka, mahali pake huota kinyama cha manjano kitoacho projesteroni, homoni ya kutunza mimba. Mimba isipoingia, karibu na siku ya 17 mfuko wa uzazi hutoa prostaglandini, inayokiua kinyama kile, na mambo huanza upya. Bwana mifugo aweza kumpiga ng'ombe sindano ya prostaglandini, akapata joto baada ya siku 2 hadi 5, mwenyewe yu macho. Ni werevu wa ajabu! Lakini kinyama kikiwa hakijatimiza siku 5, sindano haifai kitu. Na mwenye mimba akipigwa, mimba huweza kutoka. Lazima apimwe kwanza. Wala haimfai aliyekonda kwa njaa, maana pituitari yake imelegea, na hana kinyama cha kuuawa. Huyo anataka majani.

Ukiona joto asubuhi, mwite mhimilishaji, yule atiaye mbegu za dume kwa mrija, aje jioni ile. Ukiliona jioni, aje kesho asubuhi. Jirani yetu sasa huandika tarehe kwa makaa kwenye ubao wa banda, na siku ya 18 ikifika mwanawe huamka usiku na taa kwenda kutazama.