Uzito wa Alama Ambazo Watumishi Huwapa Wakuu wao wa Kazi

Upande wa Tanzania Bara, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi ulianza Julai 2004 badala ya taarifa za siri za kila mwaka. Chini ya mfumo huo, ambao nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na ule wa kielektroniki, mtumishi alijipima, mkuu wake akampima, kisha wakaafikiana alama. Je, watumishi nao wakiulizwa kumpima mkuu wao, alama zao zichukuliwe kwa uzito gani?

Alama hizo ni ushahidi, na ushahidi haupokewi wala haukataliwi kabla ya kuchunguzwa. Uchukuliwe mfano wa kubuni wa afisa kilimo mjini Songea, Mkoa wa Ruvuma, mwenye watumishi 10, baadhi yao wakiwa mabwana shamba wa vijiji vya upande wa Peramiho.

Kwanza, kila shahidi aulizwe alichokiona. Bwana shamba anajua iwapo mbolea ilifika kabla ya mvua. Karani anajua iwapo majalada hutiwa saini kwa wakati. Akiulizwa kila mmoja la mwenzake, jibu litakuwa la kusikia tu.

Pili, wastani usitegemewe peke yake. Wote 10 wakitoa alama 3, wastani ni 3. Watano wakitoa 1 na watano 5, wastani ni 3 vilevile, lakini afisi hiyo imegawanyika na sababu lazima itafutwe. Aidha, maana ya alama ielezwe mapema: katika mfumo wa 2004, 1 ilikuwa bora kabisa na 5 dhaifu kabisa. Asiyejua hivyo angemshusha aliyekusudia kumsifu.

Tatu, alama zilinganishwe na kumbukumbu. Mkuu anayesimamia daftari la mahudhurio huweza kuchukiwa, na anayefumbia macho utoro akapendwa. Daftari, majalada na stakabadhi za ghala ndizo zitakazopambanua.

Nne, siri ilindwe. Katika kundi la watu watatu mwandiko hutambulika, na mwenye kuhofia uhamisho haandiki ukweli. Fomu zisipite mikononi mwa anayepimwa, na makundi madogo yaunganishwe. Zikirudi chache, ukimya huo usihesabiwe kuwa ni ridhaa.

Hatimaye, mkuu apewe nafasi ya kujieleza kabla ya uamuzi wowote juu ya cheo chake, na watumishi wajulishwe lililorekebishwa. Wasipojulishwa, mwaka unaofuata watajaza fomu kwa kutimiza amri tu, na alama zao hazitakuwa ushahidi wa jambo lolote.