Matundu Madogo, Kidonda Kikubwa Ndani

Leo tunazungumza na akina mama walioambiwa hospitalini kwamba wana faibroidi, yaani uvimbe unaoota katika misuli ya nyumba ya uzazi. Akina baba, nanyi msizime redio. Kuna mahali mtahitajika.

Faibroidi si saratani. Ni uvimbe wa kawaida sana, hasa kwa wanawake wenye asili ya Kiafrika, na wengi wanao bila kujua. Anayehitaji matibabu ni yule anayesumbuliwa: hedhi nzito yenye mabonge ya damu, kuishiwa damu hadi kizunguzungu, tumbo kujaa kama la mja mzito, au mimba kuharibika. Zamani mama huyu alijua njia moja tu, kupasuliwa tumbo, na pengine kutolewa kizazi. Siku hizi kuna upasuaji wa matundu madogo, ambao madaktari huuita laparoskopi.

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, tumbo likajazwa hewa ya kaboni dioksidi ili liinuke kama hema. Daktari hupitisha kamera nyembamba kitovuni, na vyombo vingine katika matundu mawili au matatu, kila moja kama nusu sentimita hadi sentimita moja, kisha hufanya kazi akitazama skrini. Ikiwa uvimbe umejitokeza ndani kabisa ya nyumba ya uzazi, mara nyingi hakuna haja hata ya kutoboa tumbo. Kamera hupitia ukeni na mlango wa uzazi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Matokeo ni mazuri kweli. Ukimlinganisha na aliyepasuliwa tumbo, mama wa laparoskopi huwa na maumivu kidogo, hulazwa siku chache, kidonda chake huambukizwa kwa nadra zaidi, na hurudia shughuli zake mapema. Usishtuke bega likiuma siku za kwanza. Ni ile hewa iliyobaki tumboni, na maumivu hayo hupungua yenyewe.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Uvimbe mkubwa kama chungwa hauwezi kutoka ndani ya misuli bila misuli kukatwa. Matundu ya ngozi ni madogo, lakini mkato wa nyumba ya uzazi unaweza kuwa mkubwa sawa na ule wa upasuaji wa kawaida, nao hushonwa kwa nyuzi vilevile. Jirani akiona plasta tatu ndogo husema, "Kumbe si kitu!" Siku ya nne mama anatumwa mtoni. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, msikilizaji. Baba, hapa ndipo niliposema utahitajika: maji, kuni, jembe na mtoto wa kubebwa mgongoni viwe kazi ya wengine mpaka daktari aruhusu. Tendo la ndoa nalo lingoje ruhusa hiyo hiyo.

Jambo zito zaidi huja baadaye, mimba inaposhika. Kovu la ndani linaweza kupasuka wakati wa uchungu, au hata kabla ya uchungu. Hutokea kwa wachache, lakini likipasuka, mama na mtoto huwa hatarini katika muda wa dakika. Mama aliyepasuliwa tumbo ana alama inayomsemea. Wewe wa laparoskopi huna. Baada ya miaka mitatu muuguzi wa kliniki hataona kitu. Kwa hiyo sema mwenyewe, siku ya kwanza ya kliniki. Kabla ya kutoka hospitalini, omba uandikiwe kina cha mkato na kama ulifika ndani ya nyumba ya uzazi, na barua hiyo uitunze. Huenda ukashauriwa kuzaa kwa upasuaji. Kuzaa nyumbani si kwako. Muulize pia daktari ungoje miezi mingapi kabla ya kushika mimba.

Wengine huuliza, uvimbe mkubwa hupitaje kwenye tundu dogo? Mara nyingi hukatwa vipande. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu mashine za kazi hiyo, kwa kuwa mara chache uvimbe unaodhaniwa faibroidi huwa saratani iliyojificha, na vipande vyake huweza kuisambaza tumboni. Mwaka 2020 ilisisitiza kwamba mashine hiyo ikitumika, ukataji ufanyiwe ndani ya mfuko maalumu. Hatari huongezeka na umri. Uliza bila haya.

Tena si kila hospitali ina vyombo hivi au daktari aliyevizoea, na wakati mwingine kazi huanza kwa matundu ikaishia kwa kupasua tumbo, damu ikiwa nyingi. Hilo si kosa la mtu. Faibroidi mpya pia zaweza kuota, maadamu nyumba ya uzazi ingalipo.

Ukiwa nyumbani, maumivu yanapaswa kupungua kila siku. Yakizidi, au ukipata homa, kutapika, tumbo kuvimba, mkojo kukataa kutoka, damu nyingi au uchafu unaonuka ukeni, rudi hospitalini siku hiyo hiyo, hata usiku. Usingoje tarehe uliyoandikiwa.