Fuawe ya Marehemu na Haki ya Warithi



Ndugu wasomaji, hivi karibuni tulifika Rongai, karibu na mji wa Nakuru, kuhani msiba wa mhunzi mmoja. Marehemu aliacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walikwisha kumtangulia mbele ya haki. Baada ya dua tulipelekwa kibandani, tukaonyeshwa fuawe yake juu ya gogo, imejaa masizi na kutu.

Mwana mdogo alikwisha kupatana na mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa bei ya kilo. Mkubwa, ambaye ndiye aliyerithi ufundi, alinyamaza. Dada yao ndiye aliyetuuliza: "Sheikh, kitu hiki kina thamani gani, nasi tutakigawaje?"

Ni swali la haki. Vyombo vya kazi ni sehemu ya tarika, sawa na shamba na mifugo. Mwenye kuviuza kabla ya kuvitambua huenda akawapunja warithi wenziwe, hata kama hakukusudia.

Tuliagiza brashi ya waya, tukasugua ubavu wa fuawe taratibu, kisha tukaupaka chaki. Zikajitokeza tarakimu: 1 2 10. Jamaa wakasema hiyo ni tarehe, ya kwanza Februari 1910, na kwamba baba yao aliwaambia hivyo. Sivyo. Waingereza wa zamani waliandika hivyo uzito. Tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa ratili 112, ya pili kwa 28, na ya tatu ni ratili zenyewe. Basi 112, na 56, na 10, jumla ratili 178, karibu kilo 81. Tuliipeleka kwenye mizani ya kinu cha posho, ikakubali.

Juu ya tarakimu palisomeka jina Peter Wright, kiwanda cha mji wa Dudley, Uingereza, kilichosifika kwa fuawe za chuma cha kufuliwa. Kuonekana kwake Rongai si ajabu. Reli ya kutoka Nakuru, iliyopita hapa na kufika Eldoret mwaka 1924, ilihudumia mashamba ya walowezi, na kila shamba lilihitaji mtu wa kunyoosha majembe na kutengeneza magurudumu ya mikokoteni.

Lakini jina pekee halitoshi. Mwili wa fuawe ya namna hii ni chuma laini. Usoni pameunganishwa bamba la chuma cha pua, gumu. Thamani imo katika bamba hilo. Igongwe kwa nyundo ndogo kuanzia mwanzo wa uso hadi mwisho. Mlio ukiwa wa kengele, ni dalili njema. Ukififia mahali, huenda bamba limeachana na mwili. Kisha iangushwe gololi ya beringi. Ikirudi juu zaidi ya theluthi mbili za kimo ilichoangushwa, uso ungali mgumu. Ikianguka kama juu ya mchanga, yamkini fuawe iliwahi kuungua motoni. Ya marehemu ililia vizuri, na gololi ikaruka. Kasoro ilikuwa kingo zilizomeguka upande mmoja tu.

Tunawasihi wenye urithi kama huu wasiing'arishe kwa mashine ya kusaga chuma. Bamba ni jembamba, na kila kinachosagwa ni thamani inayopotea.

Kuhusu bei, tuliwaita wahunzi wawili wa jua kali wasiokuwa na maslahi katika mirathi. Kila mmoja alitaja peke yake kiasi ambacho angeinunua ili aifanyie kazi. Bei zao zilikaribiana, na zote zilizidi mara kadhaa ile ya chakavu.

Ugawaji ulikuwa mwepesi baada ya hapo. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi, tarika yote hufanywa mafungu 40: mjane 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Fuawe haikatwi vipande. Huhesabiwa kwa bei yake ndani ya jumla, na mrithi anayeitaka huichukua katika fungu lake kwa ridhaa ya wenziwe.

Mama alimgeukia mwanawe mkubwa, akamwuliza kama yu tayari kupokea fedha pungufu kwa ajili ya chuma. Akajibu, "Niko tayari, mama." Mdogo wake akatoka nje kumpigia simu mnunuzi na kumwomba radhi. Yule binti akaandika bei ya fuawe katika daftari la tarika, chini ya ng'ombe na juu ya cherehani.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na awape nduguze na wanawe kupatana. Wallahu a'lam.