Wakili mwenye kazi tatu

Je, mtu mmoja aweza kutumikia raia, wateja wake na jeshi pamoja? Tumwangalie Benjamin Harrison, wakili wa Indianapolis, Marekani, mzee wa kanisa la Presbiteri.

Mwaka 1860, akiwa bado na ofisi yake ya uwakili, alichaguliwa kuwa mwandishi wa hukumu za Korti Kuu ya Indiana. Kuchapisha hukumu hizo kulimletea mapato. Mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliingia jeshini. Kiti kikahesabiwa wazi, mwingine akakipata. Yeye alibaki na askari wake. Mwaka 1864, angali askari, raia walimchagua tena.

Sisi wenye vyeo viwili, tujiulize: kazi zikigongana, tuko tayari kupoteza ipi?